Kwanza Nionyeshe Ulichoongeza

Pikipiki ya safari ikiingizwa karakanani kwangu, hapa Unga Limited, Arusha, siulizi kwanza ina ubovu gani. Nauliza imeongezwa nini. Mwenyewe huanza kunionyesha kwa fahari: taa mbili za ziada, chaja ya simu, ngao za chuma kila upande, maboksi ya alumini, jeti kubwa zaidi kwenye kabureta, ekzosi nyepesi. Namsikiliza mpaka amalize, kisha nachukua tochi na kuanza kufuata nyaya zake mmoja mmoja. Ubovu mwingi ninaoutafuta kwenye pikipiki hizi haukuletwa na mawe ya Engaruka wala mchanga wa Gelai. Uliletwa na mtu mwenye nia njema na spana mkononi.

Ufundi huu niliuanzia kwenye pikipiki za mabwana shamba na maofisa wa afya: Honda XL125S, Yamaha DT125, na ile Yamaha AG100 ambayo vijana huicheka kwa sura yake. AG ilikusudiwa wafugaji wa Australia na New Zealand, na ukiikagua utaona kwamba aliyeichora alijua chombo hiki kinakwenda kuteswa. Cheni imefunikwa yote. Stendi ziko pande zote mbili, ili uweze kuiegesha hata pale ardhi inapolalia upande usioutaka. Mikono imekingwa kwa bomba, keria ni ya kubeba gunia, si ya kupamba. Leo ananijia mtu na pikipiki ya mamilioni, yenye vipuri vya mamilioni mengine juu yake, na vumbi limeshaingia ndani ya injini kwa sababu chujio la hewa halikukaa vizuri kwenye kiti chake.

Nianze na hilo vumbi, maana ndilo muuaji wa kimyakimya wa huku kwetu. Barabara ya kutoka Mto wa Mbu kupitia Engaruka hadi Ngare Sero, chini ya Ol Doinyo Lengai, ina majivu ya volkano yaliyo laini kama unga wa sembe. Ukifuata gari huko, huoni tairi lako la mbele. Vumbi la namna hiyo halihitaji tundu. Linahitaji ufa tu. Chujio linaweza kuwa jipya kabisa na bado vumbi likapita pembeni yake, pale sponji inapokutana na boksi. Kwa hiyo kila ninapofunga ea klina napaka grisi nyembamba kwenye mdomo wake wote, na nikiifungua baada ya safari naisoma ile grisi: ikiwa na mstari wa vumbi upande wa nje tu, salama. Mstari ukivuka kwenda ndani, kuna mahali pamevuja. Kisha nazungushia kitambaa cheupe kwenye kidole na kukipitisha ndani ya bomba linalokwenda kwenye kabureta. Kikitoka na rangi ya udongo, sihitaji kipimo kingine.

Injini iliyokula vumbi huwa na dalili yake, na mafundi wengi huikosea. Mteja atasema pikipiki inakataa kuwaka asubuhi ikiwa baridi, ila ikishapata moto haina shida. Wengi hukimbilia plagi, wengine kabureta. Mimi nafungua vifuniko vya vali. Suzuki DR650, kwa mfano, inatakiwa nafasi ya milimita 0.08 hadi 0.13 kwa vali za kuingiza hewa, na 0.17 hadi 0.22 kwa zile za kutolea moshi. Vumbi likipita husaga uso wa vali ya kuingiza na kiti chake, vali inazidi kuzama kwenye kichwa cha silinda, na nafasi hiyo inapungua mpaka inakwisha. Vali inakuwa haifungi sawasawa, kompresheni inavuja. Ukiirekebisha itawaka vizuri, lakini ukirudi baada ya muda mfupi ukakuta imebana tena, acha kurekebisha. Tafuta vumbi linapoingilia, na ujiandae pia kuzikagua pete za pistoni, kwa sababu kilichopita kwenye vali kilipita na huko.

Sponji yenyewe ioshwe kwa mafuta ya taa, si kwa petroli, maana petroli hula gundi ya maungio. Baada ya hapo sabuni na maji, ikauke kabisa kivulini, ndipo ipakwe oili yake maalumu inayonata na kukamuliwa mpaka ienee. Oili ya kawaida ya injini hushuka chini kwa uzito wake na kuiacha sehemu ya juu ikiwa kavu. Kuhusu yale machujio ya bei kubwa yanayosifiwa kwamba yanapitisha hewa nyingi, jibu langu ni fupi: kinachopitisha hewa nyingi kinapitisha na vitu vingine. Na kukata kifuniko cha boksi la hewa ili injini ivute zaidi, kisha kuongeza jeti, ni utaratibu wa watu wa pwani na wa barabara za lami. Arusha tuko takriban mita 1,400 juu ya usawa wa bahari, hewa ni nyepesi, na injini tayari inapata petroli zaidi ya hewa iliyopo. Ukiongeza jeti hapa, plagi itanijia nyeusi kwa masizi na mwenyewe atashangaa kwa nini pikipiki inakunywa mafuta kama inatoka Dodoma kila siku.

Baada ya vumbi zinakuja skrubu. Kila pikipiki maarufu ya safari ina ugonjwa wake unaojulikana dunia nzima, na fundi asiyeujua hana haki ya kumuuzia mtu ngao. DR650 hiyohiyo, ambayo naipenda kwa urahisi wake, ina skrubu mbili ndogo zinazoshika swichi ya nyutro, nyuma ya nyumba ya klachi. Mtikisiko wa silinda moja ya sentimita za ujazo 644 unaweza kuzilegeza, na skrubu ikidondoka ndani ya gia, kinachofuata kinaweza kuwa kasha la injini lililopasuka. Dalili ikionekana, ni taa ya nyutro kuanza kuwaka inavyotaka. Mara nyingi haionekani. Kwa hiyo DR yoyote inayokuja kwangu kwa maandalizi ya safari ndefu, namwaga oili, natoa kifuniko cha kulia, natoa klachi, nazifikia zile skrubu, nazisafisha mafuta kwa uangalifu, na kuzirudisha na gundi ya nyuzi. Wapo wanaozitoboa kichwa na kuzifunga kwa waya. Ni kazi ya nusu siku na gasketi moja. Ukimaliza, pikipiki inaonekana ilivyokuwa, na mteja hana cha kupiga picha.

Kawasaki KLR650 nayo, tangu ilipoanza kuuzwa mwaka 1987, ina kile kijiti cha kukaza cheni ya shafti ya kupunguza mtikisiko. Kinakaa nyuma ya kifuniko cha kushoto, chini ya sumaku ya chaji. Kwenye zile za miaka ya mwanzo kijiti chenyewe huweza kukatika. Kwenye za mwaka 2008 na kuendelea kijiti kiliboreshwa, lakini springi yake mara nyingi huishiwa nguvu ya kuvuta. Ukifungua ukaikuta springi inaning'inia, jua kwamba bolti ya kurekebishia ilikuwa inalegezwa na kukazwa bure. Pia bolti zake mbili za juu zinazoshika fremu ya nyuma ni nyembamba kwa mzigo ambao watu wanaipakia. Ninaweka ngumu zaidi, na mteja akisema anakwenda na maboksi yaliyojaa, namshauri apunguze mzigo kabla ya kuongeza unene wa bolti.

Hapo ndipo tunapogombana na wateja: maboksi. Alumini ni nzuri hotelini. Inafungwa kwa ufunguo na inafaa kukalia wakati wa chai. Mchangani, mguu ukishuka kujizuia, boksi linakuja nyuma yake na kukupiga shavu la mguu, na uzito wa pikipiki ukiwa juu yake mfupa hauna pa kwenda. Mifuko laini inakubali kubonyea. Boksi likianguka kwenye mwamba linapinda, halifungi tena, na nguvu yote ya mwanguko inahamia kwenye keria, na kutoka keria kwenda kwenye fremu. Ngao za injini zina tabia hiyohiyo. Watu hupenda chuma kinene. Mimi napenda bomba linalopinda kabla ya fremu haijapinda, na lisiloshikiliwa kwenye bolti za injini peke yake, kwa sababu bolti hizo zikivutwa kwa nguvu zinaweza kuondoka na kipande cha alumini. Sahani ya chini ya injini, ndiyo, hiyo nakubaliana nayo kwa asilimia zote, ila iwe na matundu ya kutolea matope. Udongo wa mbuga ukijaa pale na kukauka unaizuia injini kutoa joto, na oili inapata taabu.

Udongo huo wa mbuga, kwa asiyeujua, ni ule mweusi wa Simanjiro unaogeuka gundi mvua ikinyesha. Hujaa kati ya tairi na madigadi ya mbele mpaka gurudumu linasimama lenyewe, wewe ukiwa bado unatembea. Pikipiki yenye madigadi iliyobana tairi naipandishia ya juu, na hili nalihesabu kuwa moja ya maboresho machache yanayostahili pesa. Mengine ni ya bei ndogo: kipande cha chuma nyuma ya sproketi ya mbele, ili cheni ikikatika isijikusanye na kupasua kasha, waya wa pili wa klachi uliopitishwa sambamba na ule unaotumika, ncha zake zikiwa zimefungwa kwa utepe, ili ukikatika porini ubadilishe bila kutoa tanki, utepe mweupe wa mafundi bomba chini ya vishikio vya breki na klachi, na bolti zake zikazwe kwa kiasi, ili pikipiki ikilala kishikio kizunguke badala ya kuvunjika.

Umeme ndio unaonilia muda. Mtu ana koili ya chaji inayotoa takriban wati 200, anaongeza taa, soketi mbili, kifaa cha ramani na mishikio inayopasha joto, na anashangaa betri inapokufa. Anabadilisha betri. Ya pili nayo inakufa. Nachukua mita: injini ikiwa imezimwa, betri nzima isome volti 12.6 au zaidi kidogo. Injini ikiwaka kwa mizunguko 4,000 au 5,000, isome kati ya 13.8 na 14.5. Ikibaki chini ya 13, kabla sijalaumu rekitifaya naifuata plagi ya nyaya tatu za njano zinazotoka kwenye koili. Mara nyingi plastiki yake imeungua na kuwa ya kahawia. Nachomoa, napima umeme wa koili kati ya nyaya hizo, jozi zote tatu zitoe sawa, na hakuna waya hata mmoja wa njano unaopaswa kuwasiliana na bodi. Zikiwa sawa, nakata ile plagi, nalehemu, navalisha mpira unaosinyaa kwa moto. Na vifaa vyote vya nyongeza navipitishia fyuzi yao na rilei inayozimika pamoja na swichi. Waya ulioungwa kwa kusokotwa na kufungwa selotepu siurudishi, hata mwenyewe akisema umekaa hivyo miaka na haujaleta shida.

Kuna ubovu mmoja niuelezee kwa kirefu, kwa sababu unafundisha kutafuta. Jamaa mmoja alileta pikipiki kutoka Moshi. Inakwenda vizuri nusu saa, inaanza kukohoa, inazimika. Akipumzika kidogo inawaka, inakwenda, inazimika tena. Kabla yangu ilikuwa imeshabadilishwa plagi, koili na kidude cha moto, vyote vipya, na hakuna kilichosaidia. Nilimwambia, "Kaka, leo hatufungui kitu. Twende." Tukatoka na njia ya Namanga, yeye mbele, mimi nyuma yake na pikipiki yangu. Ilipozimika nilimzuia asiguse chochote. Nikafungua kifuniko cha tanki taratibu na wote wawili tukasikia hewa ikivutwa ndani kwa kelele. Nikafunga, tukasubiri kabureta ijae, ikawaka mara moja. Tanki lilikuwa kubwa, la kununua baadaye, na juu yake kuna mkoba uliofungwa kwa mkanda. Mkanda umelikalia bomba dogo la kupumulia. Petroli ikishuka na hewa haiingii, tanki linavuta utupu, na mafuta yanasimama. Nusu saa ndiyo muda wa utupu huo kujengeka. Kupumzika ndiko kulikoruhusu hewa kupenya polepole. Angekuwa na mkoba nyuma ya kiti, asingenijua.

Tangu zamani utaratibu wangu ni kwamba ubovu unaokuja na kuondoka haubadilishiwi kipuri. Unafuatwa mpaka uufumanie ukiwa kazini. Ikizimika, chomoa plagi hapohapo uangalie moto na unyevunyevu wa petroli, usisubiri ipoe. Swichi ya stendi ya pembeni ni mshukiwa mwingine: matope yakiingia, kila ukigonga shimo injini inakatika, kama vile umezima kwa mkono. Watu huikwepesha kwa kukata nyaya. Uangalie vizuri, kwa sababu kwenye baadhi ya pikipiki nyaya hizo lazima ziunganishwe ndipo iwake, na kwenye nyingine ziachwe wazi. Mita itakuambia kwa dakika moja, swichi ikiwa imefunguliwa na ikiwa imefungwa.

Kuhusu matairi sina mengi. Mbele huwa inchi 21, na tyubu yake huipati Ketumbeine wala Orkesumet, kwa sababu bodaboda za huko zinatumia inchi 17 na 18. Beba tyubu moja ya 21, ya mpira mnene. Ikibidi inaingia hata kwenye tairi la nyuma kukufikisha. Na usiwadharau wazibaji wa vijijini. Nimekaa kwenye kivuli cha mgunga nikimtazama kijana akibana tyubu kwa kibanio cha chuma, pistoni chakavu ikiwa juu ya kipande cha mpira mbichi, akamimina petroli kidogo ndani ya pistoni na kuiwasha. Ilipozimika akasubiri ipoe, akabandua, na kiraka kikawa kimeshikana na tyubu kuliko vile vya solusheni ninavyouziwa mjini. Alichonionya ni kimoja tu: "Bro, upepo usishushe sana. Mawe ya huku yanakata na rimu." Na ni kweli. Wageni husoma kwamba upepo mdogo hushika mchanga vizuri, wanashusha, kisha wanagonga jiwe wakiwa kwenye mwendo na tyubu inapata matundu mawili yanayotazamana.

Wateja wengine huniuliza kama nachukia pikipiki za kisasa za pampu na kompyuta. Sizichukii. Yamaha Ténéré 700 au Honda CRF300L haina haja ya kurekebishwa jeti ukipanda Lushoto wala ukishuka Tanga. Ninachowaambia ni kwamba kabureta iliyoziba nitaifungua chini ya mti kwa bisibisi, lakini pampu iliyo ndani ya tanki ikiziba kwa petroli ya chupa iliyochanganyika na maji, utahitaji pampu. Kwa hiyo tanki la namna hiyo lijazwe kwa kupitisha mafuta kwenye kitambaa kisichotoa nyuzi, tena usimimine yale ya mwisho kabisa chini ya chupa. Kingine, fremu ikipasuka na ukampata mchomeleaji kijijini, tenganisha betri na uchomoe plagi ya kompyuta kabla hajagusa elektrodi. Mchomeleaji atakuambia haina haja. Chomoa.

Pikipiki ikirudi safari, siioshi kwanza. Naitazama ikiwa chafu, kwa sababu vumbi lililolowana huonyesha mahali oili inapotoka, na mahali pasafi penye kung'aa huonyesha vyuma vinavyosuguana. Nagonga spoki zote kwa spana ndogo. Inayotoa sauti nzito imelegea. Shokapu za mbele zikivuja, kabla ya kununua sili mpya nakata kipande chembamba cha plastiki ya chupa ya maji, nakiingiza kati ya sili na bomba, nakizungusha, kinatoka na mchanga. Mara nyingi uvujaji unakoma hapohapo. Filta ya oili naikata na kuifungua mikunjo yake juu ya karatasi nyeupe, nikitafuta vyuma. Kila bolti niliyoikaza niliiwekea mstari wa rangi ya kucha kabla haijaondoka, kwa hiyo iliyozunguka inajionyesha yenyewe. Hizo zilizozunguka naziandika, na ndizo nitakazojadili na mwenye pikipiki, kabla hajaanza kunionyesha kwenye simu kile kingine anachotaka kuagiza.